Pikoboli, padeli na ndugu zao: mpira ndio unaoamua mchezo

Kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo mabishano haya hayaishi. Binamu aliyeko Minneapolis anatuma kipande cha video: watu wanne kwenye kiuwanja kidogo, vibao mkononi, mpira wa njano unagongwa tok, tok, tok. Shemeji aliyeko Dubai naye anatuma cha kwake: watu wanne vilevile, vibao vilevile, ila wamezungukwa na kuta za kioo. Kabla ya magharibi ukoo umeshagawanyika. Mmoja anasema hiyo ni tenisi ya watoto. Mwingine anasema ni mpira wa vinyoya, yaani badminton, ila vinyoya vimenyonyoka. Mjomba, ambaye hajawahi kushika raketi maishani mwake, anafunga mjadala kwa ujumbe wa sauti: yote ni kitu kimoja, wenzetu wanabadilisha majina tu wapate kuuza vifaa.

Kwenye habari ya kuuza vifaa mjomba hayuko mbali sana na ukweli. Kwenye habari ya mchezo amepotea. Na sasa mambo yamezidi kuchanganya, kwa sababu kwenye viwanja vilevile vya binamu wa Minneapolis wameanza kuonekana watu wanaocheza kitu cha tatu: raketi fupi zenye nyuzi, mpira wa sponji, hakuna tok wala nini. Uwanja ni wa pikoboli, lakini wenyewe wakiulizwa wanasema hawachezi pikoboli.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Raketi ni chombo chenye nyuzi zilizosukwa na kukazwa ndani ya fremu, kama cha tenisi. Kibao hakina nyuzi. Ni bapa gumu lenye mpini. Kupiga hewani ni kuupiga mpira kabla haujadunda upande wako. Kuanzisha ni pigo la kwanza linaloingiza mpira mchezoni. Kwa maneno hayo, pikoboli ni mchezo wa vibao na mpira wa plastiki wenye matundu, kwenye uwanja wa mita 13.41 kwa 6.10, wachezaji wawili au wanne. Padeli ni mchezo wa vibao na mpira unaofanana na wa tenisi, kwenye uwanja wa mita 20 kwa 10 uliozungushiwa kioo na nyavu za chuma, na kawaida ni wachezaji wanne. Tenisi mnaijua: raketi, mpira wa manyoya, uwanja wa mita 23.77 kwa 10.97 wakicheza wanne. Mpira wa vinyoya nao mnaujua, uko mashuleni na kwenye klabu za Wahindi tangu zamani.

Ukiutazama utitiri huu kwa kuangalia kile kilichoshikwa mkononi, hutatoka. Vibao viko kwenye pikoboli na viko kwenye padeli, na michezo hiyo miwili haifanani. Cha kutazama ni mpira. Aliyekua mitaani akicheza chandimu ataelewa haraka. Mpira wa makaratasi na matambara uliofungwa kamba haudundi, kwa hiyo pasi zinakwenda chini, watu wanabanana, na mwenye chenga ndiye mfalme. Wape watoto walewale, kwenye uchochoro uleule, mpira wa ngozi uliojaa upepo: ndani ya dakika chache wanapiga mipira mirefu, wanatafuta kiwanja kikubwa, na mfalme wa chenga anaanza kulalamika. Hakuna aliyebadilisha sheria. Mpira ndio umezibadilisha.

Pikoboli yenyewe ilizaliwa hivyo. Mwaka 1965, kipindi cha kiangazi, kwenye kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington nchini Marekani, Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walikuta familia zimekaa bila la kufanya. Nyumbani kwa Pritchard kulikuwa na uwanja wa zamani wa mpira wa vinyoya, lakini vifaa vyake havikuonekana vyote. Wakachukua vibao vya tenisi ya meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaanza kupiga. Wavu ulikuwa bado uko juu kama wa vinyoya, karibu mita moja na nusu. Siku zilivyokwenda wakagundua kwamba mpira ule unadunda vizuri kwenye lami, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuurusha juu kwa juu. Wavu ukashushwa hadi inchi 36, yaani sentimita 91. Rafiki wa tatu, Barney McCallum, akaingia, akakata vibao vikubwa zaidi kwa mbao za plaiwudi, na pamoja wakaandika sheria. Mwaka 1967 ukajengwa uwanja wa kwanza wa kudumu, nyumbani kwa jirani yao.

Ndiyo maana uwanja wa pikoboli una vipimo sawasawa na vya mpira wa vinyoya wa wachezaji wanne. Hakuna mhandisi aliyekaa akapiga hesabu. Waliukuta pale.

Na lile jina? Mtandaoni utaambiwa mchezo ulipewa jina la mbwa wa Pritchard aliyekuwa akikimbia na mpira. Familia yenyewe imekanusha: mbwa alikuja baadaye, naye ndiye aliyepewa jina la mchezo. Mke wa Pritchard, Joan, ndiye aliyeuita hivyo, kwa kukumbuka mashindano ya ngalawa za makasia ambako mabaki ya wapiga makasia huokotwa kutoka timu mbalimbali na kupangwa kwenye ngalawa moja. Tuendelee.

Mpira wa pikoboli una uzito usiofika gramu 27. Wa tenisi unakaribia 60. Hiyo ni tofauti ya kwanza, na ni zaidi ya mara mbili. Tofauti ya pili ni kudunda. Sheria za tenisi zinataka mpira ukiangushwa kutoka sentimita 254 upande tena kati ya 135 na 147, yaani zaidi ya nusu. Wa pikoboli ukiangushwa kutoka sentimita 198 unapanda 76 hadi 86 tu, chini ya nusu. Tofauti ya tatu ni matundu, kati ya 26 na 40. Mpira mwepesi namna hiyo hewa inaukamata upesi. Unaondoka kwenye kibao kwa kasi, halafu njiani unachoka. Kibao nacho ni kigumu, hakina nyuzi za kuubeba mpira na kuurusha kama manati.

Jumlisha hayo matatu upate picha. Mpira hauendi mbali, kwa hiyo uwanja mdogo unatosha. Kwenye eneo la uwanja mmoja wa tenisi, pamoja na nafasi zake za pembeni, viwanja vinne vya pikoboli vinaenea. Mpira haupandi juu, kwa hiyo mchezaji anainama. Mpira unachoka, kwa hiyo hata mgeni anapata muda wa kuufikia. Hii ndiyo siri ya watu wengi kuupenda siku ya kwanza. Kwenye tenisi, mwanafunzi anaweza kumaliza saa nzima akiokota mipira kwenye uzio. Kwenye pikoboli, baada ya robo saa watu wanne wasiojua kitu wanakuwa wanacheza. Chama cha wafanyabiashara wa vifaa vya michezo cha Marekani, SFIA, kilihesabu wachezaji milioni 4.8 nchini humo mwaka 2021. Mwaka 2024 kikahesabu milioni 19.8. Jimbo la Washington liliutangaza kuwa mchezo wake rasmi mwaka 2022.

Lakini wepesi wa kuanza unadanganya, na hapa ndipo watu wa tenisi wanapoumbuka.

Kila upande wa wavu kuna kipande cha mita 2.13 ambacho ni marufuku kupiga mpira hewani ukiwa umekikanyaga. Wachezaji wanakiita jikoni. Sababu yake ni rahisi: bila jikoni, mtu mrefu angesimama puani mwa wavu na kuubamiza kila mpira chini, mchezo ukaishia hapo. Wengi wanadhani jikoni hakuingiwi kabisa. Si kweli. Unaweza kuingia, kukaa, kunywa maji ukitaka. Na mpira ukidundia humo unaingia kuufuata na kuupiga. Kilichokatazwa ni kuupiga hewani tu.

Mtazame mtu wa tenisi siku yake ya kwanza. Mpira umepanda kidogo juu ya wavu, mlaini, kama unaomba kupigwa. Anapiga hatua mbili mbele, anasimama vizuri nyuma ya mstari, anaubamiza hewani, mpira unatua kona ya mbali na hakuna aliyeugusa. Mkono uko juu, anashangilia. Aliye upande wa pili hasemi neno, ananyoosha kidole chini tu. Nguvu ya pigo imemsukuma mbele, na ncha ya kiatu cha kulia imelala juu ya mstari wa jikoni. Kosa. Anajitetea kwamba alipopiga alikuwa nje. Ni kweli alikuwa nje, na bado ni kosa, kwa sababu mwendo wa pigo unahesabiwa mpaka utakapotulia. Hata kofia yake ikiangukia jikoni kwa sababu ya mwendo ule, ni kosa. Na mstari wenyewe ni sehemu ya jikoni.

Sheria ya pili inayowatoa watu jasho ni ya midundo miwili. Mpira wa kuanzisha lazima udunde kabla ya kurudishwa, na ule uliorudishwa lazima nao udunde kabla ya kupigwa na upande ulioanzisha. Baada ya hapo ni ruhusa kupiga hewani. Inaonekana ni jambo dogo, ila angalia linachozaa. Upande unaopokea unarudisha mpira kisha unakimbilia mstari wa jikoni, mahali pazuri kuliko pote. Upande ulioanzisha umekwama nyuma, unasubiri mdundo. Kwa hiyo pigo la tatu ndilo mtihani wa pikoboli. Ukibamiza kwa nguvu, wale wawili wa mbele wanaurudisha miguuni mwako. Wajuzi wanafanya kinyume: wanaunyanyua mpira polepole kabisa, upite juu ya wavu kwa kiganja kimoja na kufia jikoni kwa wapinzani, usiweze kubamizwa, halafu nao wanasogea mbele. Mtu aliyelelewa kwenye tenisi mkono wake unakataa kupiga polepole namna hiyo. Mcheza tenisi ya meza au mpira wa vinyoya anaizoea mapema zaidi, kwa sababu mkono wake ushajua kubembeleza.

Hesabu za pointi nazo zina watu wake wanaozikimbia, kwa sababu zinatajwa namba tatu. Unasikia mtu kabla ya kuanzisha anaita "sita, nne, moja" na unajiuliza hiyo moja ni ya nani. Sita ni pointi za upande wake, nne ni za wapinzani, na moja maana yake yeye ni mwanzishaji wa kwanza wa upande wake katika zamu hii. Akipoteza mpira, mwenzake anaanzisha na kuita mbili. Huyo naye akipoteza, zamu inahamia upande wa pili. Kwa utaratibu wa kawaida anayeanzisha ndiye pekee anayeweza kupata pointi. Ukishinda mpira wakati wapinzani ndio walioanzisha, umewanyang'anya nafasi tu. Mchezo unaisha kwa 11, lakini lazima uzidi kwa mbili. Na kwa nini mchezo unaanza kwa "sifuri, sifuri, mbili"? Kwa sababu upande unaotangulia unapewa mwanzishaji mmoja tu, usije ukachuma pointi nyingi kabla wenzao hawajagusa nafasi. Ukishaelewa hilo, mengine utayapata njiani.

Kuanzisha kwenyewe ni kwa chini, kibao kikigonga mpira chini ya kiuno, na mpira unakwenda kwa mshazari. Mgeni na ajisaidie kwa njia iliyoruhusiwa kuanzia 2021: achia mpira udunde chini kwanza, kisha uupige. Haina aibu, na wazoefu wengi wanaitumia.

Padeli haihitaji maelezo marefu hivyo ukishashika jambo moja: kuta zimo mchezoni. Mwaka 1969, Enrique Corcuera alijenga uwanja nyumbani kwake Acapulco, Mexico, mahali pamebanwa na kuta, akaamua kuta zisaidie badala ya kusumbua. Mpira ni wa jamii ya tenisi, unadunda vizuri, lakini haupotei kwa sababu kioo kinaurudisha. Sharti ni udunde chini kwanza upande wa mpinzani; baada ya hapo ukigonga kioo bado uko hai, na mpinzani anaweza kuusubiri nyuma na kuurudisha. Jikoni hakuna. Pointi ni za tenisi, 15, 30, 40. Kutoka Mexico mchezo ulivuka hadi Hispania katika miaka ya 1970, ukaota mizizi huko, na baadaye Ghuba ikauchukua kwa pupa: mashindano ya dunia yalifanyika Doha 2021 na Dubai 2022. Ndiyo maana video ya shemeji ina kioo na ya binamu haina. Tofauti kubwa kwa mwenye mfuko ni hii: uwanja wa pikoboli unaweza kuchorwa kwa chaki, uwanja wa padeli lazima ujengwe.

Sasa turudi kwa wale wa sponji.

Pikoboli ina adui mmoja mkubwa huko Marekani, nao ni sauti yake. Plastiki ngumu ikigongwa na kibao kigumu inatoa mlio mfupi wa juu, na kwenye uwanja wenye shughuli mlio huo unarudia asubuhi hadi jioni bila mpangilio. Majirani wamekwenda mahakamani, halmashauri zimepunguza saa za kucheza, viwanja vingine vimefungwa. Kwa hiyo vilijengwa viwanja vingi kwa haraka, halafu likaja swali la namna ya kuvitumia bila ugomvi. Wakati huohuo kuna watu waliopenda udogo wa uwanja lakini wakakosa raha ya tenisi: kuzungusha mkono wote, kuupa mpira mzunguko, kusikia nyuzi.

Jibu likawa lilelile la 1965, ila kwa kugeuza. Zamani walibaki na uwanja wa vinyoya wakabadilisha mpira. Safari hii wamebaki na uwanja wa pikoboli, wakabadilisha mpira tena. Kuna mchezo uitwao Typti, ulioletwa sokoni na Steve Bellamy, yule aliyeanzisha televisheni ya Tennis Channel: unachezwa kwenye uwanja wa pikoboli kwa raketi fupi ya nyuzi na mpira wa sponji. Kuna mwingine, spec tennis, wenye vibao na mpira wa tenisi uliopunguzwa kasi, ule wa alama ya rangi ya chungwa ambao watoto hujifunzia. Majina yataendelea kuzaliwa, na mengine yatakufa kimya. Sidhani kama kuna haja ya kuyakariri.

Haja ipo ya kuelewa sponji inafanya nini. Mpira wa plastiki unagusa kibao na kuondoka papo hapo. Sponji inabonyea, inalala kwenye nyuzi kwa muda mrefu kidogo, na nyuzi zinaishika na kuizungusha. Unaweza kupiga kwa mkono wote, kwa nguvu, na mpira ukapinda ukashuka ndani ya mstari badala ya kwenda kwa majirani. Mizunguko inakuwa mingi, mipira inapigwa kutoka nyuma, na ule ufundi wa kubembeleza jikoni unapungua thamani. Mistari ni ileile, mita ni zilezile. Bingwa wa pikoboli akiingia hapo anaanza upya, na mcheza tenisi aliyeumbuka jana leo anatabasamu.

Wala jambo la sponji si geni kama linavyotangazwa. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lina ngazi nyekundu kwa watoto: mpira wa sponji au wa manyoya mekundu, wenye kasi pungufu kwa asilimia 75 ukilinganisha na wa njano, kwenye uwanja wa urefu wa kati ya mita 10.97 na 12.80 na upana usiozidi 6.10. Linganisha na uwanja wa pikoboli uone. Kocha wa watoto angeweza kuingia hapo kesho akafundisha tenisi bila kuchora kitu kikubwa. Mwenye kuuza "mchezo mpya kabisa" asipende kukumbushwa hilo, nitamwelewa.

Yapo maneno ya mitaani yanayopaswa kusahihishwa. La kwanza ni kwamba huu ni mchezo wa wazee. Wazee waliupenda mapema, hilo halina ubishi, kwa kuwa uwanja ni mdogo na mbio ni chache. Lakini Anna Leigh Waters, anayetawala upande wa wanawake, alizaliwa 2007 na aliingia kwenye mashindano ya kulipwa akiwa na miaka 12, akicheza pamoja na mama yake. Tazama watu wanne wakipigiana hewani mita nne na nusu wakitazamana, uniambie kama babu yako anauweza mwendo huo.

La pili ni kwamba mtu haumii. Anaumia, na mara nyingi ni kwa jambo moja: mpira unapigwa juu ya kichwa chake, naye anarudi kinyumenyume kuufuata. Kisigino kinakwama, anaanguka kwa mgongo au kwa kiganja, mkono unavunjika. Geuka ukimbie ukitazama pembeni, au uache mpira uende. Ni pointi moja tu. Viatu vya kukimbilia barabarani navyo vina hatari, vimeundwa kwenda mbele wakati hapa mtu anakwenda kando, kifundo kinapinda. Vaa viatu vya uwanjani, vyenye soli pana na bapa. Na kwa kuwa mnasimama karibu karibu, miwani ya kukinga macho si anasa.

La tatu ni Olimpiki. Pikoboli haimo, padeli haimo. Mpira wa vinyoya umo tangu 1992, tenisi ya meza tangu 1988, mwaka ambao tenisi nayo ilirudi, na skwoshi itaingia kwa mara ya kwanza Los Angeles 2028. Wanaotuma picha zenye pete tano na mpira wa matundu wanatuma ndoto.

Huku kwetu, mwenye hamu ya kujaribu asianze kwa kutafuta uwanja wa kukodi. Atafute ukumbi wa mpira wa vinyoya. Mistari ya nje tayari iko sawa. Wavu utashushwa: sentimita 91 kwenye nguzo, 86 katikati. Kisha kuna mtego mmoja wa jikoni. Kwenye uwanja wa vinyoya kuna mstari wa mbele wa kuanzishia, uko mita 1.98 kutoka kwenye wavu, na watu wanaugeuza kuwa mstari wa jikoni. Hautoshi, umepungukiwa sentimita 15. Bandika tepu ya rangi nyingine kwenye mita 2.13, la sivyo mtajifunza kusimama mahali pabaya na mkienda kucheza kwa wenzenu mtakuwa mnakanyaga jikoni kila mpira.

Mkichora nje, kwenye sementi ya shule au ya msikiti baada ya kuomba ruhusa, uwanja ulale kaskazini na kusini. Jua letu linachomoza na kuzama karibu moja kwa moja mashariki na magharibi, na saa za kucheza ni asubuhi na jioni; mkikosea upande, mmoja wenu atakuwa anapiga kwa kukisia. Mpira wa ndani, wenye matundu makubwa 26, usiupeleke nje. Tumieni wa matundu madogo 40, mgumu zaidi, na hata huo Pwani upepo wa kusi ukivuma alasiri utautembeza utakavyo. Siku hizo chezeni mapema asubuhi, au mfanye walivyofanya wale wa sponji: badilisheni mpira. Wa sponji nao upepo unausumbua, kwa hiyo chukueni wa tenisi wa watoto, wenye alama ya chungwa, vibao vilevile, mistari ileile. Mtashangaa jikoni linavyopoteza kazi, kwa sababu mpira huo unadunda juu na kuwarudisha nyuma nyote wanne.

Na kama mnakwenda kwenye uwanja wa watu na mpira wenu wa aina nyingine, ulizeni kwanza. Kwenye bustani nyingi za Marekani wanaosubiri hupanga vibao vyao kwenye foleni ukutani, wanne wanatoka, wanne wanaingia, na mchezo wa pointi 11 unachukua kama robo saa. Anayekaa saa nzima na raketi yake ya nyuzi huku vibao kumi vimepangwa ukutani atatolewa kwa maneno, na watakaomtoa watakuwa na haki.